Kiatu cha Kushoto

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ghala la misaada, kiatu cha marehemu binti yangu mkononi. Nipo palepale. Kwa aliyeingia leo, nasimulia kwa kifupi halafu tunaendelea.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la tano. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka minane, tukimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja viatu vyake vya shule vilifumuka. Nikaviweka kwenye foleni, nyuma ya viatu vya wateja. Akatembea peku siku mbili. Siku ya pili akakanyaga msumari mlangoni kwetu.

Msumari ulikuwa wangu. Ule mfupi wa kichwa bapa ninaopigia visigino. Ulidondoka kutoka mfukoni mwangu.

Pepopunda ikamchukua.

Sikulia. Watu wakasema nina moyo wa chuma. Sina. Nilikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua lipo, lakini halikujibu kitu.

Miezi minne baadaye nikaanza kujitolea kwenye lile ghala, Jumatano na Jumamosi. Shirika linakusanya viatu vya watoto vilivyochakaa, sisi tunavitengeneza, kisha vinapelekwa kwa watoto wenye shida nchi mbalimbali. Waliokimbia vita, waliofukuzwa na mafuriko, yatima wa huku na kule. Msinisifu. Sikwenda kwa ajili ya wema. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Msiba wangu sikumsimulia mtu yeyote ghalani.

Halafu ndiyo siku ile nikavikuta viatu vya Chiriku mezani kwangu. Vyeusi, vya mkanda. Mama yake alikuwa amevileta mwenyewe bila kuniambia, akaandikishwa kama mtoaji mwingine yeyote.

Hapo ndipo tulipoishia.

Basi nikavitengeneza. Miezi sita baada ya mwenyewe kuzikwa, zamu yavyo ilikuwa imefika. Nikachukua msharasi, nikatoboa, nikapitisha uzi, nikakaza. Nilitazama saa ya ukutani nilipoanza na nilipomaliza.

Dakika kumi na mbili.

Ndizo nilizomnyima.

Sasa sikilizeni utaratibu wa ghalani, maana kosa langu limo humo. Kila jozi ina kadi yenye namba na jina la mtoaji. Kadi inafungwa kwenye kiatu cha kulia, siku zote kulia, ili wanaofungua huko mbele wasihangaike. Jozi inaingia kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko unashonwa mdomo, basi. Mtoto akishavipata anapigwa picha amevivaa, na picha inarudi kwa mtoaji.

Anayeshona midomo ya mifuko ni mimi.

Nikaingiza mkono kwenye kiatu cha kushoto kuangalia kama uzi haukuchomoza kwa ndani. Vidole vyangu vikagusa alama. Vishimo vitano kwenye ngozi ya ndani, kimoja kikubwa, vinne vidogo. Alikuwa akikanyagia mguu huo zaidi.

Cha kulia hakikuwa na alama za kusemea. Tena kilikuwa na kadi. Cha kushoto hakuna ambaye angekiulizia.

Nikaviringisha gazeti, nikalisokomeza kwenye mfuko mahali pa kiatu cha kushoto, nikashona.

"Fundi," akaniita Posta. Huyu ni mzee aliyestaafu kazi ya posta, ndiye anayeandika kadi, na hakuna anachokiona akanyamaza. "Mfuko huo mbona unaushona kama tumbo la mgonjwa?"

"Ili usifunguke."

"Huko viendako watahitaji panga kuufungua, bwana. Ni viatu hivyo, si mfungwa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kiatu kilikuwa ndani ya shati langu.

Jioni ile mke wangu akanisubiri nivue viatu, ndipo akauliza.

"Umeviona?"

"Nimeviona."

"Hukukasirika?"

"Sikukasirika, Mama Chiriku."

"Vimeondoka?"

"Vimeondoka."

Akaenda kulala mapema. Akalala moja kwa moja mpaka asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Wiki ileile akanunua fremu ya picha, akaiweka juu ya kabati ikiwa tupu. Akawa anaifuta vumbi.

Mimi kiatu nilikiweka kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya misasa. Kila asubuhi nilipofungua kibanda, kabla ya nyundo na kabla ya gundi, naingiza vidole vyangu viwili humo. Kisha nafanya kazi.

Miezi saba ikapita hivyo. Fremu tupu, sanduku limejaa.

*

Jumatano moja mratibu wa ghala akaniita ofisini kwake. Binti mdogo, mwenye kasi, anaongea huku anaandika huku anatafuta ufunguo.

"Baba, funga mlango. Kaa."

Nikakaa. Nikajua limefika.

"Picha ya jozi ya mama, mkeo, imekuja," akasema. "Lakini, baba, mbona hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Wewe mtu wa ajabu sana." Akageuza kompyuta yake.

Nikaona mtoto wa kike amesimama mbele ya hema, ameshika gongo la mbao kwapani. Amecheka meno yote. Mguu wa kulia umevaa kiatu cheusi cha mkanda. Nilikitambua kwa mishono yangu.

Mguu wa kushoto haukuwepo. Uliishia juu ya goti, gauni limefungwa fundo.

"Wenzetu wa kule walipofungua mfuko wakadhani tumekosea," mratibu akasema. "Wakataka kukitupa. Halafu mmoja akamkumbuka huyu. Kipimo chake hasa, mguu wake hasa. Sasa wameandika kuuliza, ni nani huyo aliyefikiria kutuma kimoja? Maana wanao watoto kama hao zaidi ya arobaini kwenye kambi ile peke yake, na sisi miaka yote tunawapelekea viwili viwili. Wewe ulifikiriaje, baba?"

Hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Ningesema: binti yangu, mimi niliiba. Maneno manne tu.

"Ilitokea tu," nikasema.

"Ona unavyojishusha!" Macho yake yalikuwa na machozi. Nikayatazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha mtaa wa pili. "Jumamosi tuna hafla ya kuchangisha. Wafadhili wote wanakuja. Picha hii itakwenda ukutani kubwa, na wewe utapanda jukwaani. Na mama atakaa mbele."

"Picha usiionyeshe."

"Kwa nini?"

"Mke wangu hajaiona."

"Ndiyo raha yenyewe, baba! Ataiona pale."

"Mratibu, nakuomba."

"Unaona haya. Mafundi wote mna haya." Akanipiga bega, akatoka kutafuta ufunguo wake, nao ulikuwa mkononi mwake.

Saa sita mchana ghala zima lilikuwa linajua. Posta akasimama kwenye kiti.

"Jamani, mpisheni Bwana Kiatu Kimoja! Na mimi ndiye niliyemkejeli mishono! Fundi, kumbe kichwani mna akili, sisi tulidhani ni gundi tu!"

Wakapiga makofi. Mama mmoja anayetupangia soksi akanikumbatia. Nikarudi mezani nikaendelea na soli.

*

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia mke wangu. Jumatano sikumwambia kwa sababu nilichoka. Alhamisi kwa sababu alikuwa na furaha.

Mratibu alikuwa amempigia simu kumwalika. Alimwambia picha imefika, basi. Ijumaa nilimkuta anapiga pasi gauni lake la kijani, lile ambalo halikutoka sandukuni tangu msiba.

"Baba Chiriku, umeiona?"

"Nimeiona kidogo."

"Kidogo ndiyo vipi? Picha inaonwa kidogo? Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Akaacha pasi. Nikaiinua mimi, isije ikaunguza gauni.

"Vimemtosha?"

"Kimemtosha," nikasema.

Hakusikia. Au nilidhani hakusikia.

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

"Meno yapo yote?"

"Mawili ya mbele yanaota."

Akakaa kitandani akacheka peke yake. Kisha akaniangalia. "Mbona uko hivyo? Uso kama wa mtu aliyemeza sindano."

"Mama Chiriku, kuna kitu."

"Kitu gani?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Gauni hilo hukubana kwapani," nikasema. "Lete nikuachie mshono."

Akanipa. Nikauachia. Kazi ya mikono ninaiweza.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, feni mbili, moja inafanya kazi. Wafadhili safu ya kwanza na ya pili. Mke wangu katikati ya safu ya kwanza, kapakata fremu. Alikuwa amekuja nayo kutoka nyumbani ili picha iingie humo palepale.

Mimi nilisimama jukwaani kando ya mratibu, mikono sijui niiweke wapi.

"Mabibi na mabwana," mratibu akaanza, "kila mwaka tunawaomba mtusaidie viatu. Mwaka huu tunaomba kitu kingine. Tazameni."

Taa zikazimwa. Mtoto akajaa ukutani. Gongo, gauni lenye fundo, kiatu kimoja kikubwa kama mlango.

Watu wakavuta pumzi. Mimi sikutazama ukuta. Nilimtazama mke wangu. Alitabasamu kwanza, kwa sababu alianzia usoni. Kisha macho yakashuka. Yakafika kwenye kiatu, akakitambua. Yakahama kwenda upande wa pili kutafuta kingine.

Yakarudi. Yakaenda tena.

Kisha yakaja kwangu.

"Mtoto huyu ameandika barua," mratibu akasema. "Mwalimu wake ameitafsiri. Naisoma kama ilivyo."

Akasoma:

"'Mimi nina miaka tisa. Mguu wangu mmoja ulibaki chini ya ukuta nyumba yetu ilipoanguka. Watu wakileta viatu huwa viwili, na mimi kimoja nakificha chini ya godoro kwa sababu naona haya kukirudisha. Safari hii kimekuja kimoja. Mwalimu alisema wamekosea. Mimi nikamwambia hawakukosea, nimeelewa. Huko kwenu kuna msichana mwenzangu mwenye mguu wa kushoto tu. Tumegawana. Mwambieni kinanitosha. Mwambieni aniandikie, aniambie chake anakivaa na soksi au bila soksi. Siku tukikutana tutasimama pamoja na tutakuwa na jozi.'"

Nilisikia ile feni mbovu ikijaribu kuzunguka.

"Fundi," mratibu akanipa kipaza sauti, "waambie. Ulijuaje?"

Nikakishika. Kilikuwa kizito kama nyundo ya mawe.

"Sikujua kitu," nikasema. "Nilibaki na kimoja."

Watu wakapiga makofi! Walidhani ni unyenyekevu. Bwana mmoja mnene wa safu ya pili, muuza mabati, akasimama.

"Na huyo mtoto wa mguu wa kushoto ni nani? Yuko wapi? Naye tumsaidie! Barua hii haiwezi kukosa majibu!"

"Kweli!" wengine wakadakia. "Wakutanishwe!"

Mratibu akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nikaona naye hajui. "Fundi? Yupo kweli?"

Nilisimama na kipaza sauti mkononi. Jasho halikunitoka, moyo haukwenda mbio. Nilikuwa natazama tu mbao za jukwaa, nikaona moja imeachia msumari, nikafikiri: mtu atajikwaa hapa.

Ndipo mke wangu akasimama. Gauni la kijani, fremu tupu kifuani.

"Ni wangu," akasema.

Maneno mawili. Akakaa.

Ukumbi ukalipuka. Muuza mabati alikuja kumshika mkono, mratibu akalia waziwazi, Posta akapiga mluzi. Kila mtu alidhani mke wangu ameniokoa kwenye kigugumizi. Mimi nimelala naye nyumba moja miaka kumi na nne. Nilijua ile sauti. Hakuwa ananiokoa.

*

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma kama niliyembebea mzigo. Tukaingia ndani. Akaiweka fremu juu ya kabati, tupu kama ilivyotoka. Akanyoosha mkono.

"Lete."

Sikujifanya sielewi. Nikafungua sanduku, nikatoa misasa, nikampa kiatu.

Alikigeuza. Akaangalia soli, akaangalia mshono. Akaingiza mkono ndani, taratibu, nikamwona anapofika. Vidole vyake vilisimama kwenye vile vishimo.

Jirani aliita dirishani, akachoka, akaenda zake.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba umekuwa naye peke yako."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka kuniachia gauni kwapani."

Akainuka, akainama chini ya kitanda, akarudi na daftari la hesabu la Chiriku. Kurasa za nyuma zilikuwa hazijaandikwa. Akaliweka mezani, na penseli juu yake.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Mtoto wa watu ameuliza swali. Na soksi au bila soksi? Mjibu."

"Mama Chiriku, tukaseme ukweli kwa mratibu. Yaishe."

"Yaishe kwa nani? Wewe utatubu, utapata usingizi. Yule kule anasubiri barua." Akagonga meza kwa kiatu, si kwa nguvu. "Na soksi au bila soksi? Si ulikuwa baba yake?"

Nikafikiri. Shule yao ilitaka soksi nyeupe. Nilikuwa namwona akitoka nazo kila asubuhi.

"Na soksi," nikasema.

"Bila. Alikuwa akizivua kwenye kona ya kwanza anazitia mfukoni. Mimi ndiye niliyezikuta humo siku ninafua." Akakiinua kile kiatu mbele ya uso wangu. "Wewe fundi. Miezi saba unashika alama za vidole. Ulidhani alama kama hizi zinapenya soksi?"

Nikahisi kitu. Kidogo sana, mahali fulani chini ya mbavu, kama dawa ya ganzi inavyoanza kutoka. Sikukipenda.

Nikachukua penseli. Nikaandika: *Mpendwa rafiki, salamu. Nimefurahi kimekutosha. Bila soksi.* Nikaandika kwamba mkanda ukilegea atoboe tundu jipya kwa msumari uliochomwa moto, na msumari akimaliza autafute chini mpaka auone. Hayo niliyajua. Ukurasa ukajaa. Ikabaki nafasi ya mstari mmoja chini.

"Weka jina," mke wangu akasema.

"La nani?"

"La kwako au la kwake. Sikwambii lipi."

"Nikiweka la kwake tumemdanganya mtoto. Nikiweka la kwangu itabidi nimwambie mwenzake amekufa."

"Najua."

"Sasa wewe unataka lipi?"

"Ungeniuliza hivyo siku ile, kabla ya kushona mfuko." Begi lake lilikuwa limekaa mlangoni. Sikuwa nimeliona likiwekwa hapo. Akakitia kiatu humo, akavuta zipu. "Ukishaandika, ndipo nitajua kama nalala humu leo."

Akaja akasimama nyuma ya bega langu. Nilisikia harufu ya pasi kwenye gauni lake.

Nikashusha penseli kwenye ule mstari, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Mke wangu akavuta pumzi, akachukua begi, akalirudisha chini ya kitanda.